Siku Mbili katika Mji wa Venezia

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Venezia, mji ule wa Italia ambao njia zake ni maji. Mimi nilizisikia tangu darasa la tano, mwalimu wetu alipotuonyesha picha katika kitabu cha jiografia: nyumba kubwa za mawe zimeota katikati ya maji kama matete, na mtu mmoja amesimama nyuma ya mtumbwi mweusi, kasia mkononi. Sisi watoto wa Kalemie hatukustaajabu sana. Tulisema, "Watu hawa wanakaa ziwani kama sisi." Mwalimu alicheka mpaka akaweka kitabu chini.

Sikufikiri kwamba siku moja nitaufikia mji ule. Wala sikufikiri kwamba nitaufikia nikiwa na ugomvi na ndugu yangu wa tumbo moja.

Ugomvi wenyewe ni huu. Marehemu baba yetu, aliyefanya kazi bandarini, alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma mwaka 1974, hatua mia mbili tu kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika. Humo tulilelewa watoto watano, na humo baba alifia. Basi tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yalianza kupanda, kwetu Kalemie, na Uvira, na Bujumbura, na ng'ambo ya pili pia, na watu maelfu wakayahama makao yao. Nyumba yetu iliingiwa na maji mwaka 2021, kisha tena mwaka 2024, na safari hii ya pili yalikaa sebuleni tangu mwezi wa tatu hata mwezi wa kumi. Mama alihamia chumba cha nyuma kilichoinuka kidogo, akakataa kutoka. Alisema, "Maji haya nayajua. Mwaka 1964 nilikuwa msichana mdogo, yakaja mpaka kwenye mwembe wa baba yangu, yakakaa, yakarudi yenyewe. Hayakunihamisha wakati ule, wala leo hayatanihamisha."

Mdogo wangu ni mwuguzi katika hospitali moja ya mji wa Padova, huko huko Italia. Yeye alitaka tununue kiwanja mlimani, tumpandishe mama, na nyumba ya chini tuiache. Mimi mkubwa nilikuwa upande wa mama. Nilitaka fedha ile ile inunue mawe na saruji, tujenge ukuta na kuinua sakafu. Mwaka mzima tulibishana kwa simu, mpaka tukafika mahali pabaya, hata tukawa hatuulizani tena habari za watoto. Kisha mkewe akajifungua mtoto wa kiume, naye akaniandikia maneno machache: "Yaya, njoo uwe baba wa ubatizo." Akatuma na tiketi. Mtu hawezi kukataa neno kama hilo.

Hivyo mwezi wa Novemba mwaka 2024 nikawa Padova, na siku tatu kabla ya ubatizo mdogo wangu akasema, "Leo nitakupeleka Venezia." Nilimjibu, "Vema. Nami nitakuonyesha jinsi watu wanavyojenga ndani ya maji."

Kutoka Padova mpaka Venezia ni kama nusu saa kwa gari moshi. Mwishoni gari linaiacha nchi kavu na kupita juu ya daraja refu, karibu kilomita nne, lililofunguliwa mwaka 1846. Kabla ya mwaka huo hapakuwa na njia nyingine ya kuingia mjini ila kwa chombo. Kulia maji, kushoto maji, na ukungu wa baridi juu yake. Nilipotoka mlangoni mwa stesheni nilitafuta barabara kwa macho sikuiona. Palikuwa na ngazi pana za mawe, na chini ya ngazi mfereji mkubwa, nao umejaa vyombo vinavyopishana kama magari ya Lubumbashi. Chombo kimoja kimebeba sabuni na mitungi ya gesi, kingine kimebeba takataka, kingine kina taa ya buluu, nacho kilikuwa kinampeleka mgonjwa hospitalini. Hata wafu wa mji huu husafiri kwa maji, kwa sababu makaburi yao yapo katika kisiwa cha San Michele.

Nilimgeukia mdogo wangu nikamwambia, "Umeona?" Yeye alinyamaza, akaenda kukata tiketi ya mashua kubwa ya abiria. Ilikuwa euro tisa na nusu kwa kila mtu, nami nilipoibadili bei ile kichwani kuwa franka za kwetu nikamwambia afadhali twende kwa miguu. Tukaenda kwa miguu.

Ndugu, mji huu umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya mia nne. Vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa ubavu. Unapita gizani, unakata kona, ghafula uwanja wa kanisa, kisima cha mawe katikati, nguo zimeanikwa juu ya kamba toka dirisha mpaka dirisha. Tulipotea mara tatu. Mdogo wangu, aliyekaa Italia miaka kumi na moja, alipotea kama mimi, na jambo hilo lilinifurahisha kidogo, naungama.

Mimi ni mtu wa ziwa, na kitu nilichokitaka kuliko vyote ni kuiona mitumbwi yao. Penye mfereji wa San Trovaso kiko kiwanda kidogo cha kuiunda na kuitengeneza, nasi tulisimama ng'ambo tukatazama gondola tatu zimepinduliwa, matumbo juu, mafundi wakizikwangua. Gondola ina urefu wa karibu mita kumi na moja, nayo imeundwa kwa mbao za miti ya aina nane. Tangu utoto nilikuwa nikijiuliza: mtu mmoja, kasia moja, upande mmoja tu, mbona chombo hakizunguki? Kwetu mpiga kasia akiwa peke yake hubadili mkono. Jibu nililiona pale kwa macho yangu. Gondola si sawa pande zote mbili. Upande wake wa kushoto umetanuliwa kuliko wa kulia, hata chombo chenyewe kimepinda kama ganda la haragwe, na upindo ule unarudisha kile ambacho kasia linasukuma. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mdogo wangu akaanza kupiga miguu chini kwa baridi. Nawaambia kweli, kanisa na jumba huweza kunistaajabisha, lakini fundi aliyepinda chombo kusudi kiende sawasawa alinigusa moyo.

Kupanda gondola kwa matembezi ya nusu saa ni euro tisini. Hatukupanda. Lakini ziko gondola nyingine za kuvusha watu tu, toka ukingo huu wa Mfereji Mkubwa mpaka ule, kwa euro mbili. Tuliingia moja karibu na soko la samaki la Rialto. Watalii waliketi upesi wakashika mbao kwa mikono miwili. Mimi nilisimama mpaka ng'ambo. Mpiga kasia alinitazama, akasema neno, mdogo wangu akanifasiria: "Anauliza kama kwenu kuna maji."

Si mbali na daraja la Rialto, lile la mawe lililojengwa kati ya mwaka 1588 na 1591, mdogo wangu alinionyesha kitu kingine. Katika dirisha la duka moja la dawa kuna tarakimu zinazowaka kama saa. Nilidhani ni bei. Kumbe ni hesabu ya watu wanaokaa katika mji wa kale. Mwaka 1951 walikuwa karibu 175,000. Tarakimu za dirishani zilikuwa chini ya 50,000. "Wengine wako wapi?" nikauliza. Akajibu, "Wako bara, Mestre, tulikopita na gari moshi. Wanakuja asubuhi kufanya kazi, jioni wanarudi nchi kavu." Akaongeza, "Maji si sababu peke yake. Nyumba zimekuwa ghali kwa ajili ya wageni. Lakini maji nayo yamo." Mimi sikumjibu.

Tukafika uwanja wa Mtakatifu Marko. Kila mtalii huandika habari zake, nami sitawachosha. Kanisa lile lina dari na kuta zilizofunikwa kwa picha za vipande vidogo vya vioo vya rangi na vya dhahabu, na juu ya mlango mmoja wa nje, upande wa kushoto, imechorwa safari ya Mtakatifu mwenyewe. Maana mwili wake haukuzikwa Venezia. Ulikuwa Alexandria ya Misri, katika Afrika yetu, na imepokewa kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wawili wa Venezia waliuchukua kwa siri, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe ili walinzi Waislamu wasiuguse. Farasi wanne wa shaba waliletwa kutoka Konstantinopoli baada ya mji ule kutekwa mwaka 1204. Napoleon naye akawachukua mwaka 1797 akawapeleka Paris, wakarudishwa mwaka 1815, na wale wanaoonekana nje leo ni mfano tu, wenyewe wamewekwa ndani. Wezi waliibiwa, alisema mdogo wangu. Katika kanisa hili aliadhimisha Misa Kardinali Angelo Roncalli, Patriarka wa Venezia tangu 1953 mpaka 1958. Ndiye Papa Yohane XXIII, ambaye tarehe 10 Novemba 1959 aliziinua vikarieti za Kongo kuwa majimbo kamili, na jimbo letu la ukingo wa ziwa likiwa mojawapo. Nilipiga magoti pale kwa ajili yake.

Nje ya kanisa palikuwa na madimbwi. Uwanja huu ndio mahali pa chini kabisa mjini, na maji huchungulia kutoka katika matundu ya mawe kabla hayajafika penginepo. Kuzunguka kanisa wamejenga ukuta wa kioo kinene, upate kuyazuia. Kando yake zilipangwa meza ndefu za mbao na vyuma ili watu wapite juu yake maji yakijaa.

Hapo yanipasa kuwaeleza ninyi ndugu wa bara jambo ambalo sisi wa ziwani hatulijui. Bahari si kama ziwa letu. Kila siku mara mbili mwezi huivuta ikajaa, na mara mbili ikapwa, kama mtu anayevuta pumzi. Venezia imo katika laguna, yaani maji mapana ya chumvi yaliyotengwa na bahari kwa kamba ndefu ya mchanga yenye milango mitatu. Bahari ikijaa, na upepo wa kusini ukiisukuma, maji huingia milangoni na mji hufunikwa. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194 juu ya kipimo chao. Tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187. Sasa katika milango ile mitatu wamelaza chini ya bahari milango ya chuma sabini na minane. Siku za kawaida imejaa maji, imelala. Hatari ikitangazwa, hupulizwa hewa ndani yake, maji yakatoka, nayo ikainuka ikaizuia bahari. Iliinuliwa kwa kazi mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020. Imekula zaidi ya euro bilioni tano, na mwaka 2014 watu wakubwa kadhaa walikamatwa kwa habari ya rushwa katika kazi hiyo, nanyi msidhani ugonjwa huo ni wa kwetu tu.

Mdogo wangu aliniambia, "Yaya, hesabu wewe. Ukuta wako ni mifuko mingapi ya saruji?"

Nilikasirika. Nikasema kwamba mababu zao hawakuwa na bilioni, nao walijenga. Akasema, "Twende basi uone walivyojenga," akanipeleka Salute.

Ilikuwa tarehe 21 Novemba, siku kuu ya kanisa hilo. Mwaka 1630 tauni iliingia Venezia na kuua theluthi moja hivi ya watu wa mjini. Waliobaki wakaweka nadhiri: Bikira Maria akiwaponya, watamjengea kanisa. Wakaanza kujenga mwaka 1631, kwa ramani ya Baldassare Longhena, na kanisa likabarikiwa mwaka 1687. Longhena alikuwa amekwisha kufa. Mpaka leo, kila mwaka siku hiyo, wenyeji huweka daraja la muda juu ya Mfereji Mkubwa na kuvuka kwa miguu, kila mtu na mshumaa wake. Siku hiyo hawakuwa watalii, walikuwa watu wa mji wenyewe, bibi na wajukuu, wazee wamevaa makoti mazito, mama na mtoto anayekohoa. Tulivuka nao. Tuliwasha mishumaa miwili, na najua sote wawili tulikuwa tunamwombea mtu yule yule, ingawa tulikuwa tumenuniana. Baadaye tulikunywa supu yao ya siku hiyo, ya kabichi na nyama ya kondoo iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Ni nzito, ni tamu.

Sasa msingi wa kanisa lile. Chini ya Venezia hakuna mwamba, kuna matope. Wajenzi walipigilia miti, mmoja karibu na mwingine, mpaka ikafika udongo mgumu ulio chini. Juu yake mbao, juu ya mbao mawe meupe ya Istria yasiyonywa maji, na juu ya mawe ndipo matofali. Mti uliozama matopeni, mahali pasipo na hewa, hukawia sana kuoza. Chini ya Salute peke yake yasemekana kuna miti zaidi ya milioni moja. Milioni moja! Nilifikiri misitu yote ya Marungu. Na hiyo haikutosha. Mito iliyokuwa ikimwaga mchanga katika laguna waliigeuza njia, kazi ya miaka mia na mia tena, na tangu mwaka 1501 serikali yao ilikuwa na wakuu ambao kazi yao ni maji tu. Nyumba moja ya baba yangu, yenye vyumba vinne, haikuwa na mkuu wa maji.

Lakini bado nilikuwa sijashindwa. Mtu akikaa mwaka mzima akisema jambo moja, haliachi kwa kuonyeshwa kanisa.

Jioni mvua ilitukimbiza tukaingia katika duka dogo la mzee mmoja anayetengeneza fremu za picha. Alikuwa akipaka rangi ya dhahabu kwa brashi nyembamba. Ukutani niliona mistari miwili ya kalamu, mmoja usawa wa kifua changu, mwingine chini yake kidogo, na miaka imeandikwa pembeni: 1966, 2019. Sakafu ilikuwa mpya, ya mawe, imeinuliwa hata mlango umekuwa mfupi, tukainama kuingia. Nilifurahi sana. Nikamwambia mdogo wangu, "Mwulize. Mwulize jinsi alivyoiinua."

Mzee alieleza kwa upole. Ameinua sakafu mara mbili. Chumvi hupanda ndani ya matofali, kila mwaka hubomoa plasta na kupiga mpya. Analala ghorofani. Watoto wake wako Mestre. Kisha akauliza kwa nini nataka kujua, na mdogo wangu, bila kuongeza neno, akamweleza habari za mama na nyumba.

Mzee akauliza, "Na maji yenu yakiingia, huondoka baada ya saa ngapi?"

Mdogo wangu hakumjibu. Alinifasiria swali, akaningoja mimi.

Nikasema, "Miezi saba."

Mzee alidhani fasiri imekosea. Akauliza tena. Nikainua vidole saba. Akaiweka brashi yake juu ya meza, akanitazama, wala hakusema neno lingine juu ya sakafu. Aliondoka akaleta kiti, akaniwekea karibu na moto.

Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na mto huo unapita Kalemie kwetu. Tangu utoto nimeuvuka. Ningeweza kuifanya hesabu hii nyumbani, bila kupanda ndege.

Siku ya pili tulikwenda kwa mashua katika visiwa. Kwanza Murano, kisiwa cha wafua vioo. Serikali ya Venezia iliwahamishia huko mwaka 1291 kwa hofu ya moto wa matanuru yao. Fundi alichovya bomba la chuma katika tanuru, akatoa tonge la kioo jekundu kama kaa la moto, akalivuta kwa koleo, na kufumba na kufumbua akafanya farasi. Watalii wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikitazama kabati la nyuma yake, lililojaa shanga.

Mama aliniagiza kitu kimoja tu kutoka Ulaya: shanga nyekundu. Za mama yake, yaani bibi yetu, zilipotea katika maji ya mwaka 2021, pamoja na sanduku la nguo za harusi. Bibi alizirithi kwa mama yake, na huyo alizipata zamani zile ambapo shanga zilikuwa fedha ya ziwa letu. Kioo kilivutwa hapa Venezia na Murano kikawa bomba jembamba lenye tundu, bomba likakatwa vipande vidogo kama mtama, na wanawake wa mjini wakaketi milangoni kuvitunga katika nyuzi. Vikasafirishwa kwa uzito na kwa mapipa mpaka Zanzibar. Kutoka pwani wapagazi walizibeba mpaka Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ilizivusha kwetu. Nyekundu zilizoitwa samesame zilikuwa zenye thamani kuliko nyingine. Zilinunua samaki, mihogo na mbuzi, zikanunua pembe za ndovu, zikanunua na watu. Bibi hakutueleza mama yake alizipata kwa biashara gani. Nasi watoto hatukuuliza, kwa kuwa zilikuwa nzuri sana shingoni mwake.

Nikanunua uzi mmoja. Ninakumbuka jinsi mwenye duka alivyoniuliza kwa Kifaransa kama najua kwamba zimetengenezwa kwa mkono. Nikasema, "Najua, bwana. Kwetu tunazifahamu tangu zamani."

Kisha Torcello. Huko watalii ni wachache, na mdogo wangu alikuwa amenificha kwa nini anataka kunipeleka. Hapo kale, kabla Venezia haijawa kitu, Torcello ulikuwa mji wa maelfu ya watu. Kanisa lake kubwa lilianzishwa mwaka 639, na ndani, ukuta mzima wa nyuma ni Hukumu ya Mwisho kwa vioo vya rangi, na bahari inatapika wafu ili waje wahukumiwe. Kisha mchanga ukaziba mifereji, maji yakasimama, malaria ikaja, watu wakahama kidogo kidogo. Leo wenye kukaa kisiwani pote hawazidi watu wa ua mmoja mkubwa wa kwetu. Nikauliza, "Na nyumba zao?" Mdogo wangu akajibu, "Walizibomoa. Walichukua matofali na mawe, wakapakia mashuani, wakaenda nayo kujengea Venezia."

Tulikaa juu ya jiwe moja pale nyasini, tukala mkate. Baada ya muda alisema, "Yaya, mimi sikusema tuitupe nyumba ya baba." Nikasema, "Ulisema tuiache." Akasema, "Basi nilisema vibaya." Na mimi nikasema kwamba nami nilisema mengine vibaya, hasa usiku ule wa Pasaka. Huo ndio upatanisho wetu, wasomaji wapenzi. Haukuwa na maneno mengi kuliko hayo.

Wakati wa kurudi, mashua ikiwa katikati ya laguna, tulimpigia mama simu ya picha. Nilimwonyesha shanga. Alisogeza uso karibu, akasema, "Za bibi yenu zilikuwa nyekundu kuliko hizo." Kisha akataka kuona mji. Mdogo wangu akageuza simu, akamwonyesha minara na nyumba zinazotokea ukunguni. Mama alitazama kimya. Halafu akauliza swali ambalo mimi, katika siku mbili za kutembea, sikuwa nimelitamka wazi: "Hao watu wa majini, wanalala chini au wanalala juu?"

"Juu, mama," nikasema. "Chini hakuna anayelala."

"Hata wazee?"

"Hata wazee."

Akasema, "Mm," kama anavyosema akipima unga, akakata simu.

Jumapili tulimbatiza mtoto. Alipewa jina la baba yetu, na hakulia maji yalipomwagwa kichwani, ila alipopakwa mafuta.

Kiwanja cha mlimani tulikinunua mwezi wa Februari mwaka 2025. Mama alitoa masharti mawili. La kwanza, mlango ulielekee ziwa. La pili, yale matofali ya baba ambayo maji hayakuyafikia, yaani yote yaliyo juu ya madirisha, yabomolewe kwa taratibu na kupandishwa mlimani. Lori haliwezi kupita njia ile, na kila tofali hupanda kichwani au kwa baiskeli. Jumamosi wanafunzi wangu huja kusaidia, na mama huketi juu chini ya mti, shanga shingoni, akiyahesabu mmoja mmoja yanaposhushwa. Aliyevunja hulipa. Mpaka juzi yalikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na sita.